Canon IXUS 185 usiku hapa Bukavu: usiishike, iweke chini

Niseme mapema ili mutu asiye na muda aishie hapa: kama unatafuta kamera ya kushika mukononi usiku, kwenye sali ya harusi, taa za rangi rangi, watu wanacheza, mama wa bibi harusi analia na wewe unataka hilo chozi, Canon IXUS 185 haitakufaa, tafuta ingine. Lakini kama unataka foto ya ziwa usiku, mataa ya ng'ambo, radi juu ya Kivu, na feza uliyo nayo ni ya kununua simu ya kawaida tu, haka kakamera kako na kitu kimoja ambacho kinanifanya nikasifu mbele za watu: ndani ya menyu yake kuna modi inayoacha kamera ikikusanya mwanga mpaka sekunde 15. Simu nyingi za bei hiyo hazikupi hiyo. Zinakupa foto nyeusi, ao zinakupa foto iliyosafishwa mpaka milima ya Kadutu inakuwa sawa na ugali.

Sasa tujue tunaongelea nini. IXUS 185 ni kompakti ya Canon iliyotangazwa 2017, ya daraja la chini kabisa, megapikseli 20, zumu ya mara 8, gramu 126 na bateri ndani, inaingia mufuko wa shati na bado unasahau kama uko nayo. Haina Wi-Fi. Haina ile sistemi ya kutuliza lensi mukono ukitetemeka. Video ni 720 basi. Ukisoma hiyo orodha unasema aah hii ni ya kuchezea watoto, na ukiipiga na flashi kwenye anivereseri ya mutoto utaendelea kusema hivyo.

Yangu ni ya mukono wa pili, niliichukua kwenye kabutiki kadogo upande wa Nyawera, katikati ya vifuniko vya simu na redio za zamani. Kijana wa pale akaanzisha dola 90. "Yaya, hii ni orijinali kabisa, imetoka Ulaya." Nikamwambia ndugu yangu, Ulaya ilishindwa kuipa ata boksi? Akacheka, tukabishana, tukaishia 65 na bateri moja na shajeri. Ni bei ya haki? Kwa hapa ndiyo, naona iko sawa, juu kamera za aina hii zinapungua madukani na zinazobaki zinatembea mukono kwa mukono.

Kitu kimoja cha kufanya kabla hujatoa feza, na wauzaji wengi hawajazoea mutu afanye hivi: weka ile modi ya sekunde 15, funika lensi kabisa na kiganja, piga foto ya giza tupu, kiisha ifungue na uikuze kwenye ekra. Ikionyesha nyeusi na vumbi vumbi kidogo, sawa. Ikionyesha vidoti vikali vyekundu, bluu ao vyeupe vimesimama fasi ile ile, na ukirudia vinarudi pale pale, hiyo sensa imechoka, na hivyo vidoti utavikuta mbinguni kwenye kila foto ya usiku. Foto ya muchana haitakuonyesha hiyo shida ata siku moja. Sikiliza pia lensi inavyotoka na kurudi, isikwaruze, juu mchanga ukishaingia pale hautoki.

Kwa nini usiku ni mugumu kwa kamera kama hii, ni jambo la ukubwa wa sensa. Sensa ya IXUS ni milimita 6 na kitu kwa 4 na nusu hivi, ukucha wa kidole kidogo. Ile ya kamera kubwa za watu wa studio inaizidi eneo mara kumi na zaidi. Mwanga ni kidogo, sensa ni ndogo, sasa kamera inafanya nini? Inapandisha ISO, yaani inapandisha sauti ya mwanga, na ukipandisha sauti unapandisha na makelele. Kwenye ISO 1600, ambayo njo mwisho wake, sura ya mutu inakuwa na madoadoa ya rangi. Hii siyo dhambi ya Canon, kila kompakti ya sensa hiyo iko hivyo.

Lakini angalia hesabu hii, njo siri yote. Kwenye modi za kawaida kamera haipiti sekunde 1. Sekunde 1 kwa ISO 1600, na sekunde 16 kwa ISO 100, mwanga unaoandikwa kwenye foto unaonekana sawasawa. Maana yake ukiiacha ikae sekunde 15 huhitaji kupandisha sauti, makelele yanabaki chini, na ka-sensa kadogo kanakupa foto safi ambayo watu watakuuliza umepiga na nini. Bei ya hiyo ni moja: kamera isitikisike ata kidogo kwa muda wote ule. Na hakuna binadamu anayeweza kushika kamera sekunde 15, usijidanganye kwamba wewe uko na mukono wa chuma.

Kuifikia ni rahisi: unabonyeza FUNC./SET, unaenda kwenye sehemu ya modi, unatembea ndani ya orodha, unapita vile vya mchezo mchezo (jicho la samaki, kamera ya toyi, ile ya kufanya muji uonekane mudogo), unafika kwenye ile wanayoiita Long Shutter. Pale unachagua sekunde, kuanzia 1 mpaka 15. Kuna jirani yake modi ya fataki, hiyo inachagua yenyewe, sijaona faida yake ukishajua ile ingine. Na kuna modi ya mwanga hafifu, Low Light, inayoshusha foto mpaka megapikseli 5 ili uweze kushika mukononi. Kwa Fesibuku inapita. Kwa kuchapisha kwenye karatasi hapana.

Trepie. Watu wanauliza trepie kwanza, na wauzaji wanajua, wanakutolea vile vya plastiki virefu, miguu myembamba, dola 15, 20. Mimi nasema acha. Kile cha plastiki ukikivuta chote, upepo wa ziwa ukija kinacheza rumba. Chukua soksi safi ao kafuko ka kitambaa, tia maharagi makavu nusu kilo hivi, shona ao funga na kamba, weka juu ya ukuta wa varanda, kandamiza kamera ndani yake. Maharagi yanafuata umbo la kamera, yanaishika chini na pembeni, unaweza kuielekeza juu, chini, upande, na haitaanguka. Yasijae sana, yaache yacheze ndani, yakijaa kafuko kanakuwa mupira na kamera inabingirika. Na mwisho wa mwezi feza ikiisha unajua fasi chakula kiko.

Kiisha weka ile kuchelewesha ya sekunde 2. Iko ndani ya kamera, wengi wanafikiri ni ya kujipiga foto mwenyewe, ile ya sekunde 10 ndiyo, lakini hii ya 2 kazi yake ni usiku: unabonyeza, unatoa mukono, kamera inatulia, njo inaanza. Ukibonyeza bila hiyo, kidole chako chenyewe kinaharibu foto pale mwanzoni. Zima flashi. Naona watu wanapiga ziwa na flashi, jameni, flashi ya hii kamera inafika kama mita 3, ng'ambo kule ni kilometa. Unachomulika ni mbu tu na ukuta wa jirani.

Na chunga fasi unapoiweka. Balkoni ya mbao mutu akitembea ndani ya nyumba inatetemeka. Jenereta ikiwa karibu inatetemesha ata ukuta, hausikii kwa mukono lakini foto inasikia, kila taa inakuwa na kivuli chake pembeni. Waambie watoto wakae chini dakika moja. Hawatakaa, lakini waambie.

Saa. Hapa kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano ya magaribi, na vile tuko karibu na ikweta linashuka wima, giza linaingia haraka, si kama Ulaya ambapo magaribi yanajivuta. Uko na kama dakika 20 baada ya jua kwenda, na hizo dakika ndizo muzuri kuliko usiku wote: mbingu inakuwa bluu nzito, mataa ya nyumba yameshawaka, na milima bado unaiona umbo lake. Ukingoja mpaka giza kabisa, mbingu inakuwa shimo jeusi na mataa yanaelea bila mulima. Kwenye zile dakika 20 anza na sekunde 1, angalia, panda 2, panda 4, giza likija 8, 15. Usiamini ekra kwa macho tu, usiku ekra inaonekana yenye mwanga mwingi juu macho yako yamezoea giza, kesho yake muchana unafungua foto unaikuta nyeusi. Piga moja inayokutosha na ingine ya sekunde mara mbili zaidi, utachagua nyumbani.

Kutoka Nguba na Muhumba, ukiangalia ng'ambo, mataa ya Cyangugu, upande wa Rwanda, yanaanguka kwenye maji na sekunde 8 ao 15 zinalainisha mawimbi, maji yanakuwa kama kioo chenye mivuke, na kila taa inavuta mustari wake murefu mpaka karibu na miguu yako. Huhitaji kipaji kwa hiyo, ziwa linafanya kazi yote. Kazi yako ni kutoweka mbingu nyingi sana. Mataa makali yale ya barabarani yakiingia kwenye kona ya foto yanakula kila kitu, sogeza kamera mpaka yafichwe na muti ao nguzo.

Sasa wavuvi wa sambaza, na hapa nitakaa kidogo, juu naona hakuna foto ya usiku ya Bukavu inayoshinda hiyo. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanavuliwa usiku kwa taa: ekipe moja ni mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu imetoka mbele na nyuma, wavu chini, taa juu ya maji, sambaza wanafuata mwanga. Zamani taa za petroli, siku hizi nyingi ni za LED na bateri, na kwa foto tofauti iko kubwa: petroli inatoa rangi ya dhahabu, LED inatoa nyeupe ya bluu bluu. Ukikuta zote mbili kwenye foto moja ni zawadi, usijaribu kusahihisha.

Mutu anakuja na haka kakamera, anaweka sekunde 15 juu nimesema sekunde 15, anapata nini? Nyuzi. Mitumbwi haisimami, inapanda na kushuka na maji, inazunguka polepole, kila taa inaandika kamustari kake. Wengine wanaipenda hiyo na mimi pia nikiwa mbali naipenda, inaonekana sawa maandishi juu ya maji. Lakini ukitaka taa zibaki taa, shuka sekunde 2 mpaka 4, kubali foto iwe na giza zaidi. Ukitaka mitumbwi yenyewe ionekane umbo lake, miti ile na mutu aliyesimama, njoo mapema magaribi wakati ekipe zinatoka, wanapiga makasia na kuimba, mwanga wa mbingu bado uko, na hapo sekunde 1 inatosha, wanakuwa vivuli vyeusi juu ya maji ya fedha. Usitumie zumu sana. Lensi ikiwa wazi haina zumu inafungua f/3.2 (namba ikiwa ndogo tundu la lensi ni kubwa), ukivuta mpaka mwisho inafika f/6.9, mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara nne, na kila mutetemo unakuzwa. Kata foto baadaye, megapikseli 20 zinaruhusu.

Na uliza mwezi kwanza. Mwezi ukiwa mukubwa wavuvi wengi hawatoki, juu mwanga wa taa haushindani na mwezi, sambaza hawakusanyiki. Utakaa na mufuko wako wa maharagi ukiangalia maji matupu. Mwezi mukubwa ni siku ya kupiga mwezi wenyewe na milima, na hiyo pia ifanye magaribi, juu mwezi kamili unatoka wakati jua linaingia, mbingu bado iko na rangi, tofauti ya mwanga ni ndogo. Saa tatu ya usiku mwezi ule ule kwenye kamera hii ni sahani nyeupe bila sura, ata ukishusha mwangaza mpaka kwenye -2.

Radi. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano tuko na mvua, na mvua ya Kivu inakuja na radi isiyo na adabu. Hakuna haja ya kuwahi na kidole. Unakaa ndani ya nyumba (ndani nimesema, si juu ya bati, si chini ya muti), unafungua dirisha, kamera kwenye ukingo, sekunde 15, unapiga tena na tena, radi ikianguka ndani ya zile sekunde inajiandika yenyewe. Nyingi zitatoka tupu, unazifuta. Kinachochosha ni hiki: kila ukimaliza foto ndefu, kamera inakaa ikisafisha yale makelele kabla ya kukuruhusu kupiga ingine, na radi kali, nakuapia, inachagua muda ule. Kwa radi za mbali mbali hiyo inavumilika. Kwa wenye haraka hapana. Ndugu zetu wa Goma wao wako na volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, na wakati lava iko kwenye shimo wingu la juu linakuwa jekundu, kwa hiyo kazi sekunde 15 ni halali yake, lakini toa rangi (kwenye menyu ni White Balance) kwenye otomatiki, weka ile ya alama ya jua, la sivyo kamera inaona wekundu ni kosa na inautengeneza.

Hiyo ya rangi ni muhimu ata kwetu. Taa za zamani za manjano, taa za LED za bei chini zenye rangi ya kijani kijani, otomatiki inachanganyikiwa, foto hii ya machungwa na ile ya bluu kutoka varanda moja. Chagua moja, ya jua kwa mandhari, ile ya alama ya balbu kwa watu waliokaa ndani ya nyumba yenye taa ya manjano, ubaki nayo.

Umeme ukikatika usikimbilie kulala. Delestaji ya upande muzima ni saa ya nyota. Bukavu iko juu, ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460, na baada ya mvua hewa imeoshwa. Na kwa lensi ya hii kamera, ambayo bila zumu upana wake wa kuona ni sawa na lensi ya 28 mm, wapiga foto wanagawa 500 kwa 28, inatoka sekunde 17 na kitu, njo muda ambao nyota zinabaki vidoti kabla dunia haijazungusha na kuzifanya vimistari. Sekunde 15 ziko ndani. Usitegemee ile mito ya nyota unayoona kwenye mitandao, sensa haifiki huko, lakini Orioni na Musalaba wa Kusini vinatoka wazi kabisa. Shida itakuwa kufokasi. Kamera inatafuta, haioni kitu, taa yake inawaka bure. Mupe kitu: elekeza kwenye taa moja ya mbali, ata ya ng'ambo, bonyeza nusu, ishike ile nusu, geuza polepole kwenye kile unachotaka, malizia kubonyeza. Mufuko wa maharagi unasaidia hapa kuliko trepie.

Juu ya watu, sitaongea sana kwa sababu nilishasema. Kuna Slow Synchro ndani ya flashi, inapiga flashi kwa mutu na kuacha kamera wazi kidogo ili taa za nyuma zionekane, hiyo kwa foto ya familia kwenye varanda na ziwa nyuma inatoka muzuri, mradi kamera iko juu ya kitu na watu hawajasogea mpaka uwaambie. Wengi wakiona flashi imewaka wanaanza kutembea, na mzee mumoja anatoka na vichwa viwili. Ao zima flashi, mumulike na simu kupitia karatasi nyeupe ao kitenge chepesi cheupe, kwa upande, si toka chini kama muchawi wa tamthilia.

Kasoro zingine haraka. Haina RAW, ile faili ghafi ya kurekebisha baadaye, ni JPEG tu, kwa hiyo foto iliyoungua imeungua. Ekra ni ya kizamani, ukiangalia pembeni rangi zinageuka. Bateri NB-11L, Canon wanasema foto 210, usiku na foto ndefu hesabu chini ya hapo sana, na inachajiwa nje kwenye shajeri yake, huwezi kuiunganisha na pawabanki moja kwa moja, kwa muji wetu hiyo ni kasoro kubwa kuliko zote nilizosema. Nunua bateri ya pili, na zijaze zote siku umeme uko. Za kuiga zimejaa sokoni, ikiwa nyepesi kuliko ile uliyo nayo, irudishe pale pale kabla hujavuka balabala.

Na kwa wanaotaka kutoka nje usiku na kamera: mimi karibu kila kitu nakipiga kutoka varanda, dirisha ao parseli ya mutu ninayemujua, kwa ruhusa yake. Usipige askari, usipige mupaka, pont ya Ruzizi, barraji, uwanja wa ndege, ata kwa bahati mbaya kwenye kona. Kamera juu ya ukuta kwa sekunde 15 inaonekana na watu kuwa kitu kingine kabisa, bora majirani wajue mapema unafanya nini, waonyeshe foto mbili tatu, kesho yake wao njo watakuita njoo upige kwangu.

Swali ambalo najua litakuja: ao nichukue IXUS 190? Hiyo iko na kutuliza lensi, Wi-Fi, zumu ya mara 10, na inaanzia 24 mm, kwa hiyo ziwa linaingia zaidi. Kwa kupiga mukononi magaribi inaishinda hii waziwazi. Juu ya maharagi zinakaribiana sana. Ukiikuta kwa dola 15 zaidi ichukue, ikiwa 40 zaidi baki na 185, hiyo tofauti weka kwenye bateri ya pili, karte ya memwari ya marka inayojulikana, na kale ka-adapta ka OTG ka kupitisha foto kwenye simu, juu bila Wi-Fi utakahitaji usiku ule ule.